Miji ya Ujerumani na sifa zake: maswali yanayoulizwa sana

Haya ni maswali yanayojirudia kila Ujerumani ikitajwa, yanatoka kwa mashabiki wa Bayern, kwa wanafunzi wanaosubiri viza, mpaka kwa wazee waliokua wakisikiliza redio kutoka Cologne. Majibu mengine ni marefu kwa sababu yanatugusa sisi wenyewe, mengine mafupi.

Mji mkuu si Berlin? Sasa mbona kila kampuni kubwa ukiitafuta iko mji mwingine?

Hili ndo la kuanza nalo, ukilielewa hili mengine yote yanakaa sawa. Sisi tumezoea nchi ambayo kila kitu kimerundikwa sehemu moja, makampuni, mabenki, televisheni, chuo kikongwe, hospitali ya taifa, yote Dar au yote Nairobi. Ujerumani haiko hivyo kabisa. Mpaka 1871 haikuwa nchi moja, zilikuwa falme na miji huru kibao, kila mmoja na mtawala wake na sheria zake. Munich ilikuwa na mfalme wa Bavaria, Dresden mfalme wa Saxony, Hamburg na Bremen zilikuwa miji ya wafanyabiashara isiyotaka kusikia habari ya mfalme. Walipoungana kila mji ulikuja na mali yake na haukuikabidhi kwa mtu. Halafu baada ya vita vya pili vya dunia Berlin ikagawanywa, ikabaki imezungukwa na eneo la Warusi, makampuni yakahama: Siemens iliyozaliwa Berlin ikahamia Munich, Deutsche Bank iliyoanzishwa Berlin 1870 leo iko Frankfurt, Audi ikatoka Saxony ikaenda kuanza upya Ingolstadt mwaka 1949.

Mpaka leo mahakama ya katiba iko Karlsruhe, benki kuu iko Frankfurt, polisi wa upelelezi wa taifa wako Wiesbaden, idara ya ajira iko Nuremberg, na wizara kadhaa bado zina makao Bonn. Nchi ina watu kama milioni 83 lakini miji iliyopita watu milioni moja ni minne tu: Berlin, Hamburg, Munich na Cologne. Kwa hiyo mtu akikwambia anaenda Ujerumani muulize anaenda mji gani, hapo ndo utajua anaenda kufanya nini.

Berlin inajulikana kwa nini hasa?

Kwa watalii wengi ni ukuta. Ulianza kujengwa usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 1961, ukaizungushia Berlin Magharibi yote, kilomita kama 155, na watu wakaufungua usiku wa tarehe 9 Novemba 1989. Kipande kirefu kilichobaki kinaitwa East Side Gallery, kiko kando ya mto Spree, kina urefu wa zaidi ya kilomita moja na kimechorwa picha mwanzo mwisho. Kuna lango la Brandenburg, kuna bunge lenye kuba la kioo ambalo unapanda bure ila ujiandikishe mapema, na kuna kisiwa kizima cha makumbusho.

Ila kwa sisi wa Afrika Mashariki Berlin kwanza ni marathoni. Barabara zake ziko tambarare, mwezi wa Septemba hali ya hewa ni ya ubaridi mzuri, na ndo maana rekodi nyingi za dunia zimevunjwa pale na Wakenya: Tegla Loroupe 1999, Paul Tergat 2003, Patrick Makau 2011, Wilson Kipsang 2013, Dennis Kimetto 2014 alipokuwa mtu wa kwanza kushuka chini ya saa 2 na dakika 3, halafu Eliud Kipchoge mara mbili, 2018 kwa 2:01:39 na 2022 kwa 2:01:09. Lakini ile mbio ya Kipchoge ninayoipenda kuliko zote ni ya 2015 ambayo hakuvunja rekodi yoyote. Soli za ndani za viatu zilichomoka mapema, zikawa zinapigapiga nje ya kiatu huku anakimbia, na jamaa akaenda hivyo hivyo mpaka mwisho akashinda kwa 2:04:00. Kashinda Berlin mara tano kwa jumla. Ukifika lango la Brandenburg simama kidogo, maana ukishapita hapo mstari wa kumalizia hauko mbali.

Cha pili nenda makumbusho ya viumbe, Museum für Naturkunde. Ukumbini tu pale mbele amesimama dinosaria mwenye urefu wa mita 13 na ushee kwenda juu, na huyo ni wetu, ametoka kilima cha Tendaguru, Lindi. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ilichimbwa pale na mamia ya vibarua wa Kitanganyika, ikabebwa kichwani na begani na wapagazi wakitembea siku kadhaa mpaka bandarini Lindi, ikapakiwa meli. Wanasayansi Wajerumani ndo wameandikwa kila mahali, lakini msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na jina hilo kila Mtanzania anayeingia ule ukumbi anapaswa kuwa nalo kichwani. Suala la kurudisha mifupa limeshajadiliwa mpaka bungeni kwetu. Mimi naamini hata kama mifupa itabaki kule, Lindi inastahili kupata kitu cha maana na sio shukrani za maneno.

Cha tatu ni majina ya mitaa. Berlin ndo palipokaliwa ule mkutano wa 1884 na 1885 wa kupangiana Afrika, na mji ulijaa mitaa yenye majina ya watu wa ukoloni. Sa hivi inabadilishwa. Mtaa wa Wissmann kule Neukölln tangu 2021 unaitwa Lucy-Lameck-Straße, jina la mama yetu kutoka Moshi aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuingia serikali ya Tanganyika. Na mwaka 2024 Petersallee, ambayo kwa watu wengi ilimaanisha Carl Peters, huyu huyu tuliyemsoma shuleni kama mkono wa damu, ikavunjwa ikapewa majina mawili, upande mmoja Maji-Maji-Allee na upande mwingine Anna-Mungunda-Allee, huyu ni mama wa Namibia. Kibao kimeandikwa Maji Maji katikati ya Berlin, sikutegemea kama ningekuja kuona hivyo.

Hamburg ni pwani? Na nasikia ina undugu na Dar?

Undugu upo, Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu 2010. Pwani sio, na hapa wengi wanachanganya. Hamburg iko ndani, kwenye mto Elbe, kama kilomita 100 hivi kutoka baharini, na bado ndo bandari kubwa kuliko zote Ujerumani, meli za makontena zinaingia na kutoka kwa mtoni. Ukikaa ukingoni pale Landungsbrücken unaziona zinapita karibu kabisa, na feri ya kawaida ya mji inakupitisha katikati ya bandari kwa tiketi ile ile ya basi, hakuna haja ya kulipia boti ya watalii.

Maghala ya zamani yanaitwa Speicherstadt, ni majengo ya matofali mekundu yaliyosimama juu ya nguzo za miti zilizopigwa kwenye matope, katikati yake mifereji. Humo ndo zilikuwa zinahifadhiwa kahawa, chai, viungo, pembe za ndovu, mazulia. UNESCO waliyaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2015. Na viungo hivyo vingine vilitoka Zanzibar, maana makampuni ya Hamburg kama O'Swald na Hansing yalikuwa na ofisi Unguja miaka mingi kabla Ujerumani haijawa na koloni lolote. Walinunua hata kauri za pwani yetu kwa shehena wakaenda kuziuza Afrika Magharibi ambako zilitumika kama pesa.

Na hapo ndo inaingia habari ya Bibi Salme, binti wa Sultani Said aliyezaliwa Unguja 1844. Alipendana na kijana wa Hamburg, Heinrich Ruete, aliyekuwa mfanyabiashara pale jirani, akaondoka Zanzibar 1866, wakaoana Aden mwaka uliofuata na kuhamia Hamburg, akawa Emily Ruete. Mwaka 1870 mumewe akapata ajali ya tramu akafa, akabaki mjane na watoto watatu wadogo kwenye nchi ya baridi ambako hana ndugu hata mmoja. Akaandika kumbukumbu za maisha yake zikatoka 1886. Alifariki 1924 mjini Jena, lakini kaburi lake liko Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf, ambayo ni makubwa kiasi kwamba mabasi ya abiria yanapita ndani yake. Mzanzibari ukifika Hamburg nenda ukamsomee dua au ukamtembelee tu kwa heshima, watu wa ofisi ya makaburi wanakuelekeza.

Mengine ya Hamburg haraka haraka: soko la samaki Jumapili alfajiri ambalo liko tangu 1703, wauzaji wanapiga kelele kama wako Kariakoo, ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie uliofunguliwa 2017, na Beatles ambao walipiga muziki kwenye vilabu vya St. Pauli kabla dunia haijawajua.

Oktoberfest ni mwezi wa kumi sio?

Inaanza Septemba na kuisha mwanzoni mwa Oktoba, wengi wamekata tiketi za ndege za katikati ya Oktoba wakakuta mahema yanang'olewa. Ya kwanza ilikuwa Oktoba 1810, harusi ya mrithi wa ufalme wa Bavaria, Ludwig, na Therese, kukawa na mashindano ya farasi, na uwanja ukabaki na jina la bibi harusi, Theresienwiese. Baadaye wakaisogeza nyuma kwa sababu ya baridi. Bia inayouzwa kwenye mahema inatoka viwanda vya Munich tu, glasi ni ya lita nzima, bei yake inapanda kila mwaka na sa hivi imeshapita yuro 14. Kuingia ni bure. Usiyekunywa pombe bado utakuta mabembea, kuku wa kuchoma, na watu wamevaa nguo za kienyeji mpaka watoto wachanga.

Ila Munich sio bia tu. Ni mji wa BMW, Siemens, Allianz, ni mji tajiri na kodi ya nyumba ndo ya juu kuliko miji yote ya Ujerumani, hilo mtu asikudanganye. Kuna Deutsches Museum, hii ukiwa na mtoto anayependa mashine mpeleke na mtashinda humo kutwa nzima. Na kuna uwanja wa Olimpiki wa 1972, wenye paa la plastiki angavu kama kioo lililokaa kama mahema. Pale pale John Akii-Bua wa Uganda, akiwa mstari wa kwanza wa ndani ambao ndo mbaya kuliko yote kwa kukata kona, alikimbia mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia na dhahabu ya kwanza ya Uganda. Kipchoge Keino akachukua dhahabu ya mita 3000 kuruka viunzi na maji huku Ben Jipcho akiwa wa pili, na timu ya Kenya ikabeba kupokezana vijiti 4x400. Michezo hiyo hiyo ndo waliuawa Waisraeli 11 wa timu yao, na kuna sehemu ya kumbukumbu ndani ya hifadhi ya Olimpiki.

Bayern hawachezi hapo tena, wako Allianz Arena nje kidogo ya mji, unapanda treni ya chini mpaka Fröttmaning.

Mji wa magari ni upi?

Hakuna mmoja. Stuttgart ni Mercedes na Porsche, na Bosch wanaotengeneza mapampu na plagi nao ni wa huko huko. Munich BMW, Ingolstadt Audi, Rüsselsheim Opel. Wolfsburg ni Volkswagen na mji wenyewe ulianzishwa 1938 kwa ajili ya kiwanda, kwa hiyo usitegemee majengo ya kale. Kiwanda cha Wolfsburg kinatengeneza mpaka soseji zake, zina namba ya spea kabisa kama vile bampa au taa.

Lakini gari lenyewe kama gari lilianzia Mannheim. Carl Benz aliomba hataza yake tarehe 29 Januari 1886, na watu hawakuwa na imani nalo. Mwezi wa nane 1888 mke wake Bertha, bila kumuaga mumewe, akachukua gari na wanawe wawili wakaenda Pforzheim kwa mama yake, kama kilomita 100. Hakukuwa na sheli dunia nzima. Mafuta yalipopungua akanunua kiyeyushi kwenye duka la dawa mji wa Wiesloch, bomba la mafuta lilipoziba akalizibua kwa pini ya kofia, waya ulipochubuka akaukinga kwa mkanda wa soksi yake. Lile duka la dawa bado linaonyeshwa kama sheli ya kwanza duniani. Mimi kila nikisikia mtu anasema magari ni mambo ya wanaume namtajia Bertha Benz.

Frankfurt ni ya kushukia ndege tu?

Wengi wanaishia eapoti na hawaoni mji. Ni mji wa pesa: Benki Kuu ya Ulaya iko pale, Bundesbank, yaani benki kuu ya Ujerumani, iko pale, na ndo mji pekee wa Ujerumani wenye kundi la maghorofa marefu hasa, refu kuliko yote ni Commerzbank, mita 259. Oktoba kuna maonyesho ya vitabu ambayo ndo makubwa duniani. Mwandishi Goethe alizaliwa hapo 1749.

Tahadhari mbili. Kuna Frankfurt nyingine, Frankfurt (Oder), iko mpakani na Poland upande wa pili kabisa wa nchi, ukikata tiketi angalia imeandikwa Main. Na uwanja wa ndege unaoitwa Frankfurt-Hahn uko zaidi ya kilomita 100 kutoka Frankfurt yenyewe, tiketi ya bei rahisi inaweza kukugharimu basi la masaa mawili usiku.

Cologne na Köln ni mji mmoja? Na redio ya Kiswahili bado iko huko?

Ni mmoja, stesheni utakuta imeandikwa Köln, kama ambavyo Munich imeandikwa München, ukitafuta kwenye mashine ya tiketi andika hivyo. Ukitoka tu mlango wa stesheni kanisa kuu liko mbele yako, huhitaji kuuliza. Lilianza kujengwa 1248, likasimama karibu miaka mia tatu bila kuisha, likamalizika 1880, minara mita 157, ngazi 533 za mawe za kuzunguka na hakuna lifti ya wageni. Karnivali yao inafunguliwa tarehe 11 mwezi wa 11 saa tano na dakika kumi na moja asubuhi, lakini fujo yenyewe ni Februari au Machi kabla ya Kwaresma.

Redio Deutsche Welle ilianza matangazo ya Kiswahili 1963 na kwa miaka mingi ilikuwa Cologne, vizazi vizima vya wasikilizaji wetu waliujua mji huu kwa masikio kabla ya kuuona kwenye picha. Mwaka 2003 wakahamia Bonn, dakika kama ishirini au thelathini kwa treni. Bonn ni mji mdogo mtulivu, ulikuwa makao makuu ya Ujerumani Magharibi, ndipo alipozaliwa Beethoven 1770, na sekretarieti ya Umoja wa Mataifa ya mabadiliko ya tabianchi iko hapo, kwa hiyo wanaharakati wetu wa mazingira wanaufahamu vizuri.

Nataka kuona mechi, niende Munich au Dortmund?

Dortmund. Uwanja unaingiza watu 81,365 na jukwaa la kusini peke yake linabeba kama 25,000 wote wamesimama, wanaliita ukuta wa njano, Ulaya hakuna jukwaa la kusimama kubwa kama hilo. Eneo zima, Dortmund, Gelsenkirchen ya Schalke, Essen, Bochum, limeshikana mji kwa mji, unaitwa Ruhr, na mpira wao umetoka kwenye migodi ya makaa na viwanda vya chuma, wachimbaji walikuwa wakitoka shimoni Jumamosi wanaenda uwanjani. Mgodi wa mwisho wa makaa ulifungwa Bottrop Desemba 2018, ajira zile hazikurudi, timu ndo zimebaki, na ndo maana mapenzi yao kwa klabu ni mazito vile. Essen kuna mgodi wa Zollverein uliogeuzwa makumbusho, unaingia mpaka kwenye mitambo.

Tiketi za Dortmund ni ngumu kupata, ukikosa nenda Bochum, uwanja mdogo uko mjini na kelele ni zile zile.

Miji ya upande wa mashariki ikoje, kuna usalama?

Leipzig naipenda sana. Bach, mtunzi wa muziki, alifanya kazi kanisa la Mtakatifu Thomas kutoka 1723 mpaka kufa kwake 1750 na kwaya ya wavulana bado inaimba. Na Leipzig ndo iliyoiangusha Ujerumani Mashariki kwa miguu: tarehe 9 Oktoba 1989 watu kama 70,000 waliandamana na mishumaa kutoka kanisa la Mtakatifu Nikolai, askari wamejaa na hakuna aliyejua kama watapiga risasi, hawakupiga. Mwezi mmoja baadaye ukuta ukafunguka.

Wazee wengi wa Zanzibar na Bara waliosoma Ujerumani Mashariki walipitia Leipzig, taasisi ya Herder, kujifunza Kijerumani kwanza. Uhusiano ulikuwa mkubwa, zile nyumba za ghorofa za Kikwajuni pale Unguja zilijengwa na Wajerumani hao baada ya Mapinduzi ya 1964. Na ukienda nyuma zaidi, wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Kilimanjaro 1893, na Hans Meyer anayeandikwa kuwa mzungu wa kwanza kufika kilele mwaka 1889 alikuwa mtu wa Leipzig.

Dresden ni mji mzuri wa kutazama, ulipigwa mabomu Februari 1945 ukateketea. Kanisa la Frauenkirche liliachwa kifusi zaidi ya miaka arobaini, likajengwa upya mpaka 2005, na ukilikaribia utaona mawe meusi yametapakaa kati ya mawe meupe, yale meusi ndo ya kanisa la zamani yaliyookotwa kwenye kifusi yakarudishwa mahali pake.

Usalama: maandamano ya Pegida dhidi ya wageni yalianzia Dresden 2014, na chama kinachopinga wahamiaji kina kura nyingi upande huo, kwa hiyo wanaouliza hawaulizi bure. Waafrika wengi wanaishi na kusoma Leipzig, Jena na Dresden vizuri tu, vyuoni na katikati ya mji. Vijiji na miji midogo usiku wengi wanaepuka kutembea peke yao, na mimi nakushauri hivyo hivyo.

Kuna miji midogo ya kutembelea yenye uhusiano na kwetu?

Mingi, na hii ndo sehemu ninayopenda kuliko zote.

Papenburg, kaskazini karibu na Uholanzi. Hapa ndo ilijengwa MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1913, kwenye kiwanda cha Meyer. Waliiunga, wakaifungua yote, wakaipanga kwenye maboksi kama elfu tano, ikaja kwa meli mpaka Dar, ikapanda treni kwenda Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa ziwani 1915. Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 isichukuliwe, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kubeba abiria. Kiwanda kile kile mpaka leo kinaunda meli kubwa za kitalii, kiko mbali na bahari, na siku meli mpya inapotoka wanaziba mto Ems kwa geti ili maji yapande, halafu meli inatembea kinyumenyume mtoni taratibu usiku, ghorofa zaidi ya kumi linapita katikati ya mashamba ya ng'ombe na watu wamejaa kwenye kingo.

Würzburg ni mji dada wa Mwanza tangu 1966, na ndipo Röntgen alipogundua eksirei tarehe 8 Novemba 1895. Potsdam na mji wa Zanzibar ni dada tangu 2017, Tübingen na Moshi pia wana udugu wao.

Bayreuth wengine wanaijua kwa tamasha la muziki wa Wagner lililoanza 1876, sisi tunaijua kwa Kiswahili. Chuo kikuu chao kinafundisha Kiswahili na kila mwaka kuna kongamano la Kiswahili ambako maprofesa kutoka Dar, Nairobi, Zanzibar na Ulaya wanakaa siku kadhaa wanajadili mashairi, sarufi na lahaja, mada nyingi zinatolewa kwa Kiswahili chenyewe.

Nasikia kuna treni inayoning'inia, ni kweli?

Kweli, Wuppertal. Reli iko juu na behewa limening'inia chini yake, sehemu kubwa inapita juu ya mto, ipo tangu 1901 na ni usafiri wa kila siku wa kwenda kazini. Mwaka 1950 sakasi moja ilimpandisha mtoto wa tembo anaitwa Tuffi kwa ajili ya matangazo, akaogopa akavunja ukuta wa behewa akaangukia mtoni, akatoka na michubuko tu. Aspirini nayo ilitengenezwa kwenye maabara za Bayer hapo 1897.

Muislamu atakula nini, maana naona kila mji unasifiwa kwa soseji?

Soseji za Nuremberg ni nguruwe, curryworsti ya Berlin mara nyingi ni nguruwe, ile nyeupe ya Munich ni ndama iliyochanganywa na mafuta ya nguruwe, hizo achana nazo. Ila Berlin ni mji wa doner kebabu kuliko mji wowote Ulaya, ya ndama au kuku, duka la Mturuki liko kila kona, uliza tu kama ni halali maana sio zote. Hamburg kula mkate wa samaki, Lübeck kuna pipi za lozi, na Nuremberg wakati wa soko la Desemba kuna keki za tangawizi na karafuu ambazo harufu yake mtu wa pwani ataijua.

Nataka kusoma, niombe mji gani?

Usichague kwa jina la mji, angalia jimbo. Vyuo vya serikali vingi havichukui ada, unalipa mchango wa muhula tu. Lakini jimbo la Baden-Württemberg, yaani Stuttgart, Heidelberg, Karlsruhe, Freiburg, Mannheim, Tübingen, linatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula tangu 2017, misamaha ipo ila uulize chuo kabla. Na chuo cha ufundi cha Munich nacho kimeanza kutoza tangu 2024. Halafu chumba: Munich, Frankfurt, Hamburg na sasa Berlin ni vita kupata chumba. Leipzig, Chemnitz, Magdeburg, Jena na miji ya Ruhr bei ni afadhali sana na elimu ni ile ile, pesa utakayookoa kwa mwaka utaisikia mfukoni. Jihadhari na dalali anayekutajia "chuo cha Berlin" bila kusema kama ni cha binafsi, ada za hivyo ni maelfu.

Zile herufi kwenye namba za magari zina maana gani?

Ni mji au wilaya gari liliposajiliwa. B ni Berlin, M Munich, K Cologne, F Frankfurt, S Stuttgart, L Leipzig, DO Dortmund. Hamburg ni HH na Bremen ni HB kwa sababu H ya mbele ni ya Hansa, ule muungano wa miji ya wafanyabiashara wa zamani, hawajakubali kuiacha. Herufi tatu mara nyingi ni wilaya au mji mdogo, kama WOB ya Wolfsburg. Tangu 2015 mtu akihama mji anaruhusiwa kubaki na namba yake, so ukimkuta mwenye HH anaishi Munich miaka kumi usishangae.